Kimya cha Sjur katika Gwaride

Oddleiv alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe Sjur kazi yake ni kubonyeza vitufe. Kusema anapiga muziki? Thubutu! Oddleiv ndiye kiongozi wa bendi ya shule huku kijijini kwetu, Hardanger, na kwake yeye kisichopulizwa wala kugongwa si muziki.

Sjur naye, kichwa kigumu vilevile, akafunga mdomo. Ana miaka kumi na tisa tu, lakini ni dijei wa kuitwa Oslo na Berlin, halaiki ya vijana ikiruka mikono juu, kwa jina la jukwaani Glo. Nyumbani hakuna aliyejua kwamba Glo ni yeye, maana kwetu kujisifu ni aibu kubwa. Moyoni alitaka neno moja tu la baba yake, na kulikosa kulimuuma.

Siku moja ya Aprili alirudi akamkuta mzee jikoni, mkate na jibini ya kahawia havijaguswa, simu kaibana sikioni, anaandika noti za tarumbeta na ngoma.

"Watoto wamegoma," Oddleiv akasema. "Gwaride la Mei kumi na saba hawapigi kitu mpaka niwape wimbo huu. Wa kijana mmoja, sijui Glo. Hebu sikia besi inavyoingia! Huyu ni fundi haswa. Wewe na vitufe vyako, kajifunze kwake."

Sjur akakaa. Akaziangalia noti.

"Hapa umekosea, Baba. Kabla ya besi kuna kimya. Wewe umejaza ngoma."

"Watoto watapoteza hatua, we! Na umejuaje?"

"Kimya hicho nilikiweka mimi. Glo ni mimi."

Oddleiv alimtazama, akatazama simu, akamtazama tena. Kisha akachukua kifutio, akaifuta ngoma.

Siku ya gwaride la sikukuu ya taifa, bendera kila mkono, wimbo ulipanda, ukapanda, na Oddleiv akainua mkono. Kimya! Jamani, zilisikika nyayo za watoto tu juu ya kokoto, na kijiji kizima kimebana pumzi. Halafu matarumbeta makubwa yakaunguruma pamoja, na Sjur, aliyezoea makelele ya maelfu, akasisimka mwili mzima, machozi yakimtoka.

"Oddleiv!" kasisi akauliza kwa mshangao. "Nani katunga wimbo huu?"

Na Oddleiv, ambaye hajawahi kusifia hata viazi vyake mwenyewe, akapaza sauti mbele ya kijiji kizima:

"Mwanangu! Huu ni muziki wa mwanangu!"