Mti wa Paka na Mzinga wa Baba

Paka hakuwa wangu. Binti yetu alimwokota akiwa kidato cha nne, akamlea chumbani mwake kwa siri ambayo kila mtu aliijua. Siku ya kwenda chuo kikuu alimweka mikononi mwangu, akanipa masharti kama daktari anayemkabidhi mgonjwa: asitoke nje, kwa sababu majirani wanatega sumu ya panya, asipewe mifupa ya kuku, na azungumzishwe, kwa sababu anapenda kuzungumzishwa. Tunaishi ghorofa ya pili, mjini Kitui. Paka hakuwa na pa kwenda isipokuwa juu, na kitu pekee kilichoelekea juu nyumbani kwetu kilikuwa pazia.

Kuna jambo moja la kueleza kuhusu nyumba yetu. Mke wangu hufuma vitambaa. Kila kiti kina kitambaa mgongoni na viwili mikononi, televisheni ina chake, chupa ya chai ina chake. Hata redio ambayo haijasema neno tangu binti yetu akiwa shule ya msingi imevishwa. Paka alipotoka pazia, alishukia vitambaa, na alipotoka vitambaa, vilitoka naye.

Jioni moja mke wangu alikuja amebeba kimoja, uzi umening'inia kama utumbo.

"Akina mama wa kanisa wanakuja kwetu Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema. "Siku hiyo wakimkuta huyu bado yuko juu ya pazia, Jumatatu anaenda Tawa kwa mama yako."

"Tawa atafanya nini?"

"Kazi. Kama paka wengine."

Nilimtazama paka. Alikuwa amelala juu ya karatasi za mitihani nilizokuwa nasahihisha, na kwa sababu hiyo nilikuwa sijasahihisha. Ghala la mama yangu lina panya wenye umri na uzoefu. Paka huyu aliwahi kukutana na mende jikoni, akaja kujificha nyuma ya miguu yangu. Nilimwambia mke wangu kwamba binti yetu ataumia sana. Nilisema "binti yetu" mara nyingi siku zile. Ilikuwa aibu kwa mwanamume wa umri wangu, mwenye shahada mbili na kitambi, kusema kwamba usiku asipolala kifuani mwangu, sipati usingizi.

Binti alinishauri kwa simu: "Baba, anataka tu mti wake. Mtafutie mti wa kupanda wa ndani ya nyumba." Akanitumia picha za miti ya aina hiyo, imevishwa zulia, ina vibaraza na vijumba, inafanana na hoteli. Nami nikasoma. Kusoma ndiyo njia yangu ya kuahirisha kazi. Nilijifunza kwamba mti mzuri uwe mrefu kiasi cha paka kujinyoosha mwili mzima akikwaruza, uwe na maganda au kamba ya kushika kucha, uwe na pa kulala juu, ukae karibu na dirisha, na juu ya yote uwe na tako zito usianguke.

Hilo la mwisho nililipuuza. Nikirudi kutoka safari ya kikazi barabara ya Mombasa, nilisimama Sultan Hamud, ambapo fundi mmoja alikuwa amepanga samani zake kando ya lami. Nikaona kigingi kirefu cha kutundikia makoti, chenye mikono minne.

"Hiki kinaweza kubeba paka?" nilimuuliza.

Alinitazama, akatazama gari langu, kisha akanitazama tena. "Mzee, paka anatundikwa?"

"Anapanda. Anakaa ndani ya nyumba, anahitaji mti."

"Na nje miti imeisha?" Akamwita mwenzake aliyekuwa akipiga randa. "Kuja usikie! Huyu mzee ananunulia paka mti!"

Walicheka hadi wakanipunguzia bei bila kuombwa. Nyumbani, paka alikikagua kigingi, akakirukia, wakaenda chini pamoja. Kigingi kiliangukia chupa ya chai. Kitambaa cha chupa kilinusurika, chupa yenyewe ikawa mchanga ndani. Mke wangu alikwenda ukutani akaitazama kalenda.

Hapo ndipo nilipopata wazo, nami kila ninapopata wazo huanza kwa kukumbuka kwamba mimi ni Mkamba. Watu wangu wamechonga miti tangu zamani, kisha mimi nasimama kando ya lami kununua kigingi! Jumapili nikaenda Tawa. Shambani kwa mama kulikuwa na gogo la mukau lililokauka vizuri, mti ambao mchwa hawauwezi, lenye maganda ya kutosha na panda mbili juu. Mgunga niliukataa kwa miiba, mnyaa kwa utomvu wake unaopofusha macho. Nilijiona mtaalamu. Kisha, nikilivuta gogo kupita kando ya ghala, nikauona mzinga wa baba.

Ulikuwa umelazwa pale tangu baba afariki: gogo lililotobolewa katikati, urefu wa mkono na nusu, na kifuniko kimoja kikiwa bado na alama ya ukoo wetu iliyochomwa kwa chuma cha moto. Ndani mlikuwa mtupu. Niliinama nikachungulia, nikaona kitanda cha paka.

Nilimwomba mama anipe.

"Paka atalala ndani ya mzinga wa baba yako?"

"Kama hutaki, mama, basi."

"Baba yako hakupenda paka." Akafikiri. "Chukua. Wacha wamsumbue kidogo huko aliko."

Kazi iliyofuata ilinipa raha ambayo sijaipata katika mkutano wowote wa idara. Nililisimamisha gogo ndani ya rimu kuukuu ya gari na kuijaza saruji. Hata mimi nikalipanda kidogo, mke wangu akiwa sokoni, na halikutikisika. Kwenye panda nikapigilia kibao, na juu ya kibao nikaufunga mzinga kwa kamba ya katani, mdomo wazi ukielekea sebuleni na kifuniko chenye alama ya ukoo kikielekea dirishani, ili ukoo upate hewa. Kifuniko cha pili nilikiweka kabatini.

Ila mzinga ulinuka popo. Nikakumbuka jinsi baba alivyokuwa akisafisha mizinga yake kabla ya kuipandisha mtini: alichukua nta, akaipasha moto, akaipaka ndani yote huku akipiga mluzi. Nta kavu ilikuwa bado imeganda pembeni mwa mzinga. Niliikwangua, nikaiyeyusha kwenye sufuria (nitaomba msamaha wa sufuria siku nyingine), nikaipaka ndani kwa uangalifu, nikipiga mluzi. Sebule ikanukia vizuri. Nilifungua dirisha ili harufu isizidi.

Msomaji aliyekulia Kitui au Makueni ameshashika kichwa. Mimi pia nilikulia huko, lakini nilisomea historia ya uchumi.

Paka hakupanda. Nilimweka mzingani, akatoka. Nikaweka omena ndani, akala omena, akatoka. Siku zikaenda, mke wangu akifuma vitambaa vya kuziba pengo la vile vilivyoraruka, paka akimtazama toka juu ya pazia. Asubuhi ya Ijumaa niliona nyuki wawili watatu wakizunguka dirishani, wakiingia na kutoka mzingani kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Nikadhani wamefuata maua ya mke wangu. Nikawasifu kwa bidii yao.

Jumamosi akina mama walifika, "Bwana asifiwe" ikatoka kila kona, viti vikajaa. Waliuona mti.

"Hii ni nini, dada?" aliuliza mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo.

"Uliza baba watoto," mke wangu akasema.

"Ni mti wa paka," nikajibu.

"Na paka yuko wapi?"

Wote wakainua macho. Paka alikuwa kwenye fimbo ya pazia. Mke wangu alinitazama mimi, na katika macho yake nikaiona Jumatatu.

Mwenyekiti akaanza maombi ya kufungua. Ana maombi marefu yenye mikoa na wilaya. Alipofika kwa wagonjwa walioko hospitalini, nikasikia mvumo. Nilidhani ni friji. Mvumo ukakua. Nikafungua jicho moja na kuona kwamba dirisha limegeuka rangi ya kahawia, na rangi hiyo inaingia ndani. Mama aliyekaa kando ya dirisha naye alifungua lake. Tukatazamana, kila mmoja kwa jicho moja.

"Amina!" alisema kwa nguvu, katikati ya wagonjwa.

"Bado," akasema mwenyekiti, macho yamefumbwa.

"Mama, amina! Ni nyuki!"

Leso zilipanda vichwani. Akina mama wote waliingia chumbani kwetu kwa pamoja, jambo ambalo mlango ule haukutengenezewa. Paka aliruka kutoka pazia akatua begani mwa mke wangu. Mke wangu aliacha sinia la maandazi, akaacha pochi, akamfunika paka kwa leso yake, akaingia naye na kufunga. Kufuli ikasikika. Mimi nilikuwa bado sebuleni.

"Nifungulieni!"

"Wewe ndiye uliwaita!" mke wangu akajibu kutoka ndani. "Ongea nao!"

Nililala chini ya meza nikiwa nimejifunika zulia, nikampigia mama simu.

"Mama, nyuki wameingia nyumbani."

"Wametua wapi?"

"Ndani ya mzinga."

"Uliupaka nta?"

"Niliusafisha. Kama baba."

Mama yangu alicheka mpaka nikaogopa atashindwa kupumua. "Mwanangu, baba yako hakuwa akisafisha. Alikuwa akiwakaribisha!" Halafu sauti yake ikabadilika. "Ni wengi?"

"Mama, sijawahesabu."

"Tangu afe hawajarudi hata mmoja. Niletee. Usiwaumize. Giza likianza kuingia watatulia, uwafungie ndani, uje nao."

Hakuuliza kama nimeumwa. Nilikuwa nimeumwa mdomoni, na maneno yangu yalianza kutoka yamevimba.

Chumbani ibada iliendelea. Walimaliza wagonjwa wote, wakaimba, kisha, sebule ilipotulia, wakatoka mmoja mmoja wakinyata, wakabeba maandazi yao na kuondoka wakicheka ngazini. Jua lilipozama nilijifunika blanketi, nikakitoa kifuniko cha pili kabatini na kuuziba mdomo wa mzinga. Kilibaki kitundu cha mlango wao, upande wa ukoo. Nikanyoosha mkono kushika kitambaa kilichokuwa karibu.

"Hicho kina matundu, profesa," mke wangu alisema kutoka mlangoni. Alikuwa bado amempakata paka. "Tumia soksi yako. Hakuna kiumbe kitakachopita hapo."

Shemeji yangu alileta pickup, na mzinga ukasafiri hadi Tawa ukiwa umezibwa kwa soksi. Tuliutundika kwenye mti uleule ambao baba aliutumia, mama akimulika tochi na kutoa amri. Soksi ilipotolewa na nyuki wakabaki ndani, alisimama pale chini muda mrefu akisikiliza. Sikumharakisha.

Jumatatu nilitoka kazini nikipanda ngazi polepole. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ingawa mdomo wangu haukuwa tayari kuitoa. Mke wangu alikuwa amekaa na sindano zake za kufumia. Mti ulikuwa mtupu, kibao kikiwa uchi bila mzinga, na pazia nalo lilikuwa tupu.

"Paka yuko wapi?" niliuliza. Moyo ulikuwa umeshafika Tawa.

"Nilisema mnyama mmoja atatoka hapa aende kwa mama yako," alisema bila kuinua macho. "Wametoka wengi. Inatosha."

Kisha akainuka, akachukua kile kitambaa kilichoning'inia uzi, akakikunja mara mbili na kukitandika juu ya kibao. "Hiki kimeharibika tayari," akaniambia, ingawa sikuwa nimeuliza. Paka alitoka chini ya kiti. Akaukwaruza mukau, akajinyoosha mwili mzima kama vitabu vilivyosema, akapanda, akazunguka juu ya kitambaa na kulala.

Mke wangu alirudi kwenye ufumaji. Nilitazama alichokuwa akifuma. Kilikuwa na ukubwa wa kibao, sawasawa, na pembe moja imekatwa kupisha panda ya mti. Nilimuuliza ni cha nini.

"Cha stuli ya kanisa," alisema.