Bati Chini ya Kiatu

Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio kabla sijajua kutembea, na tangu utotoni natembea kwa chuma. Ni fito mbili za pembeni, kutoka pajani hadi kwenye kifundo, zimeshikwa na mikanda ya ngozi. Chini fito hizo zinaungana na bati, na bati hufungwa kwenye soli ya kiatu. Kiatu kikichakaa, unatafuta kingine na bati linahamishwa. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Kwa kazi hiyo ndogo nimewahi kulia kwa hasira mbele za watu, mtu mzima na akili zangu.

Zamani tulifungiwa bati kwenye karakana ya hospitali. Siku nyingine hakuna ngozi, siku nyingine hakuna hata msumari, lakini mzee wa pale aliujua mguu wangu kama alivyoujua wake. Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakaota Kariakoo kama uyoga, mitumba ikamwagwa chini, na kwa mara ya kwanza maishani nikachagua kiatu mwenyewe: cha ngozi nyeusi, kisigino kipana, cha kike kweli. Nilikipenda kile kiatu. Lakini mzee wa karakana alikuwa amestaafu na hakuna aliyewekwa mahali pake.

Wakati huo nilikuwa nashona mapazia kwenye duka la vitambaa la familia moja ya Kihindu, karibu na soko. Mama mwenye duka aliniambia, "Kuna duka jipya la vifaa vya tiba mtaa wa nyuma, fundi. Mashine za kisasa. Nenda ukafungiwe vizuri."

Nikaenda na dada yangu, ambaye tulipanga naye chumba Magomeni. Kaunta ya vioo, feni, kijana amevaa koti jeupe kama daktari. Tulisimama mbele yake sote wawili. Akamtazama dada.

"Anasumbuliwa na nini?"

"Muulize mwenyewe," dada akasema.

Nikamweleza. Nikamwambia bati lisielekee mbele moja kwa moja. Unyayo wangu umegeukia nje, kwa hiyo na bati lielekee nje kidogo, vinginevyo goti linasokotwa. Alikuwa anaandika risiti.

"Sawa, anti. Sisi ndiyo kazi yetu."

Nilipokwenda kuchukua, bati lilikuwa limenyooka mbele kama rula. Nikamwambia. Akasema nitazoea, akamgeukia mteja mwingine. Nami nikavaa, nikaondoka. Ilikuwa mchana, nina kazi inanisubiri, na mtu anachoka kujieleza.

Sikuzoea. Goti liliuma hadi nikawa nashona nimeegemea upande mmoja. Kisha siku moja, navuka Msimbazi na furushi la mapazia kichwani, nikasikia mpasuko chini ya kisigino. Bati liling'oka zima. Chuma kikaenda huku, kiatu kikabaki kule, nami nikaanguka kifudifudi barabarani na mapazia ya watu. Gari zilisimama. Wapita njia wakaniinua, Mungu awabariki, lakini mmoja aliniwekea sarafu mkononi. Nilikuwa natoka kazini na mtu ananipa sadaka.

Nikarudi dukani na magoti yanavuja damu, dada amenishika mkono. Kijana akakigeuza kiatu, akakirudisha juu ya kaunta kwa vidole viwili.

"Tatizo ni mtumba huu. Kisigino chake kina uwazi ndani. Sisi tunauza viatu imara, chagua pale."

"Ulipokuwa unafunga hukuona kama kina uwazi?"

"Na mguu wenyewe umepinda, anti. Chuma hakiwezi kufanya miujiza."

Dukani kulikuwa na wateja wanne au watano. Wote waligeuka kututazama. Dada akanivuta kanga. "Twende, mdogo wangu. Usijitie aibu."

Aibu! Nimeangushwa barabarani, na aibu bado ni yangu? Nikakaa chini palepale, kwenye sakafu yake ya vigae, nikatoa mkobani bisibisi ya cherehani ninayotembea nayo siku zote. Skrubu moja ilikuwa bado imening'inia kwenye bati. Nikaifungua nikaiweka juu ya kioo cha kaunta. Ilikuwa fupi kama kucha ya kidole changu.

"Hii ni ya kufungia kitasa cha kabati," nikasema. "Mimi ni kabati?"

"Mama, usiniletee fujo dukani."

Hapo machozi yakanitoka, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote, kwamba aliyaona. Akadhani nimeumia. Nilikuwa nataka kumrushia kiatu.

Jumapili yake nilifanya mwenyewe. Dada alichonga kipande cha mninga kutoka kwenye mguu wa stuli iliyovunjika, tukakijaza kwenye uwazi wa kisigino. Nikapasha msumari mrefu kwenye jiko la mkaa hadi ukawa mwekundu, nikatoboa soli nao, nyumba nzima ikanuka mpira unaoungua. Wapangaji wenzetu wakatoka kulalamika, kisha wakakaa kutazama. Nikapitisha bolti ndefu kutoka ndani ya kiatu, nikaweka washa ya chuma, nikakaza nati kwa chini.

Mara ya kwanza niligeuza bati nje kupita kiasi. Nilitembea koridoni kama bata, mtoto wa jirani akacheka na mama yake akamzaba kofi. Nikalegeza, nikarudisha kidogo, nikatembea tena nimeshika ukuta. Nikalegeza tena. Kichwa cha bolti kikanichuna kisigino, ikabidi nikate soli ya ndani ya ngozi kukifunika. Jua lilikuwa limeshuka goti liliponyamaza. Nilisimama katikati ya korido bila kushika kitu, na sikufurahi. Dada alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nawaza: kumbe hii ndiyo kazi yote iliyomshinda yule kijana?

Kesho yake mama mwenye duka akanisifu. "Hodari! Bora umefanya mwenyewe."

Alisema kwa nia njema, lakini nilimjibu vibaya. Nilimwambia mteja wake akija kuchukua pazia na kukuta limeshonwa upogo, haambiwi bora angeshona mwenyewe. Tunalifumua tunashona upya. Akanitazama, akarudi kwenye kaunta yake.

Miezi ikapita. Jioni moja akaja nyumbani mwanamke wa Buguruni, mtu wa Mtwara kwa lafudhi yake, amembeba binti yake mgongoni. Mtoto alikuwa na chuma kama changu, kidogo, na bati limelegea linacheza.

"Nimeambiwa kwenye duka la Kariakoo kuna mama huku Magomeni anafunga vizuri," akasema. "Yule kijana aliyemfungia mtoto ndiye kanielekeza; alisimuliwa na mwenye duka la vitambaa."

Amepokea malipo ya mama wa watu, amefunga ovyo, kisha ananitumia wateja nimsahihishie! Ningeweza kukifunga kile kiatu kabla wali haujaiva. Badala yake nikamwambia, "Dada yangu, kesho asubuhi tunaenda wote."

Tukaenda. Nilisimama nyuma ya kaunta, si upande wa wateja, na kijana wa koti jeupe hakuthubutu kuniondoa maana duka lilikuwa limejaa. Nikamwambia toboa hadi mwisho. Akatoboa. Nikamwambia bati liangalie kule unyayo wa mtoto unakoangalia, akalegeza akaligeuza. Nikamwambia sasa bolti ndefu.

Akafungua droo ya chini. Zilikuwemo, pakiti nzima, na washa zake.

Nikachomoa moja nikamkabidhi. Alifunga amekunja uso, na alifunga vizuri sana. Mtoto akatembea kutoka kaunta hadi mlangoni, akageuka, akarudi.

Tulipotoka nje, yule mama alinishukuru hadi nikaona haya. Tukaongozana kuelekea Mnazi Mmoja, mtoto yuko katikati yetu, amemshika mama yake kidole. Kisha mama akaniuliza, "Sasa dada, mguu ukikua nikarudi peke yangu, atanifungia hivi?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nikamwelekeza tu duka ninakoshona, nikamwambia apite anichukue twende wote.