Picha ya Joho Langoni Nchiru

Wiki iliyopita tulimzika jirani yangu, binti wa hapa kijijini Kibugu aliyesomea shahada ya uhasibu kwa simu. Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku chache tu, akiwa bado anatafuta kazi. Jina lake sitalitaja, maana mama yake ameniomba. Ninachotaka ni kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu jinsi kazi moja ilivyompita.

Tulikuwa tukichuma chai katika mashamba yanayopakana. Alivaa kikapu mgongoni na waya wa simu sikioni, na mikono ikichuma, mwalimu wake alimfundisha kutoka mbali. Akina mama walimtania sana. "Leo mwalimu wako wa hewani amesema nini?" mmoja aliuliza. "Amesema ng'ombe ni mali," akajibu bila kuinua kichwa. "Hilo hata mume wangu analijua, na shule aliiona kwa nje." Tulicheka, naye akacheka. Mvua ikinyesha mtandao ulipotea, akapanda hadi ukingo wa msitu kuutafuta. Mitihani aliifanya mbele ya kamera, haruhusiwi hata kugeuza macho.

Huku kwetu shahada huonekana ukutani. Ukiingia sebuleni kwa mtu, picha ya mtoto aliyevaa joho ndiyo hukupokea. Yeye cheti chake kilikuja kwa barua pepe. Mama yake alikitazama kwenye simu, akauliza polepole, "Na joho?" Basi binti akaenda chuo kikuu cha Nchiru siku ya mahafali ya wengine, akakodi joho kwa mpiga picha, akasimama langoni mwa chuo ambacho hakukisomea. Picha ikatundikwa. Kila mgeni aliyekuja alikalishwa mahali ambapo angeiona vizuri.

Kisha chama kimoja cha ushirika wa maziwa kikatangaza kazi ya karani wa hesabu. Mmoja wa waliomhoji alikuwa mzee wa kanisa letu. Mambo yalivyokwenda alinisimulia mwenyewe, tukingoja kupimiwa majani kituoni. Mwenyekiti alimwuliza alisomea wapi, naye akasema ukweli, kwamba alisomea mtandaoni. "Yaani nyumbani," mwenyekiti alisema, akaweka kalamu chini. "Na mitihani alikufanyia nani, msichana wangu?" Kabla hajajibu, mzee akaingilia. "Ngoja kwanza. Kwenu nimekunywa chai nikitazama picha yako Nchiru. Sasa tushike lipi?" Binti alijaribu kueleza kwamba picha ilikuwa ya kumfurahisha mama. Kadiri alivyoeleza, ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Swali la hesabu hakuulizwa hata moja.

Siwezi kuwalaumu waajiri kwa kila kitu. Vyeti vya kununuliwa vipo, na aliyewahi kudanganywa huogopa. Lakini uoga huo unamwangukia hata aliyesoma kwa jasho. Wangemkalisha asubuhi moja na hesabu za maziwa, wangejua kama anaweza au hawezi. Badala yake walitafuta lango na joho, vile vile alivyovitafuta mama yake, na ni kwa sababu ya vitu hivyo viwili walimwona mwongo.

Tulipokutana kuandaa wasifu wa marehemu, mjomba wake alisema tuishie kidato cha nne. "Watu wa ushirika watakuja," alisema. "Tusichekwe kaburini." Mama yake alikuwa ameshaishusha ile picha ukutani. Sisi wengine tukaifuta shahada kwenye karatasi. Basi ikasomwa shule ya msingi, ikasomwa sekondari, ikafuata kwaya ya kanisa, kisha udongo.

Ushirika ulimnyima kazi, na kazi ilikuwa yao kutoa au kunyima. Shahada haikuwa yao. Ilikuwa yake, na sisi tuliomwona akiisomea ndio tuliomnyang'anya. Mwenye shahada kama hiyo akikataliwa ofisini, angalau arudi nyumbani akute watu wanaoitaja.