Video Isiyoombwa na Mtu

Asajile wa Ngonga alikuwa mkulima wa kakao, mwembamba hata mvua ilimkosa, lakini akili yake ingetosha watu saba. Mwaka 2013 kampuni za simu zilikuwa zimejaa nchini, kila moja na mnara wake, ila kwetu mtandao ulifika umechoka. Jioni kila mtu alivuta video yake, wote tukaambulia kiduara kinachozunguka. Mimi nilipanda mpunga kinazunguka, nikavuna, bado kinazunguka.

Asajile akasema, "Tunagombania mnara bure. Mmoja avute alfajiri, atunze, wengine tuchukue kwake, simu kwa simu."

Akatugawia sisi majirani zake: Naomi kwaya, Eliud mpira, mimi vichekesho. Mnara ukapumua. Sharti lilikuwa moja: video isiyoombwa mwezi mzima ifutwe, nyingine ipate nafasi.

Simu yake ilipojaa, alinihamishia video ya mkewe, Anyosisye, akiimba mbele ya kwaya. "Nitunzie, bibi." Haikupita muda Anyosisye akafariki. Basi hakuna aliyeiomba tena. Nani angethubutu kuchezesha sauti ya marehemu, mumewe anasikia?

Nilijua hilo. Lakini kichekesho cha mlevi na mbuzi kiliombwa na kijiji kizima, na simu haikuwa na nafasi. Nikajiambia mwezi umepita, sharti ni la Asajile mwenyewe. Sijui kusoma, ila alama ya pipa la taka naijua. Nikabonyeza.

Baada ya mavuno Asajile akaja, akanisalimu. "Ugonile, bibi. Leo nina moyo wa kumwona."

"Simu imemezwa na kiboko, mwanangu."

"Na hiyo mkononi, ameitapika?"

Ndipo nikasema kweli. Akajaribu kuivuta upya; mwalimu wa kwaya aliyeiweka mtandaoni alikwisha kuiondoa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Wewe uliitazama mara nyingi. Niambie alivyokuwa. Usiongeze kitu."

"Alivaa kitenge cha bluu."

"Na mikono? Aliishikaje?"

Ningeweza kumpa mikono ya malaika, kumi na miwili. Lakini alikuwa ananitazama mdomoni kama mtoto anayesubiri kulishwa.

"Sikumbuki, baba."

"Ndaga, bibi," akashukuru, akaenda kugeuza kakao yake juani.

Hata ile bluu, sina hakika nayo.