Jino la Muuza Lulu

Yule mama aliyeuza vito karibu na lango la soko la Sumbawanga, miaka ile biashara huria ilipoanza na bidhaa zikawa zinaingia kila wiki kupitia bandari ya Kasanga ziwani Tanganyika, hakugusa lulu kabla ya kujifuta mikono kwenye kanga. Vidole vyake vilikuwa vifupi, vimepasuka kwa baridi ya Ufipa, na alizipitisha lulu moja moja kama anayechambua maharage. Sauti yake haikupanda hata soko likifurika. Mteja akija, alimtandazia mikufu mitatu juu ya gunia: lulu za baharini, za mtoni, na za kioo. Kisha, bila kutaja upi ni upi, alimwacha achague kwa macho. Karibu wote tulichagua kioo, maana ndicho kilichong'aa, na kila punje ililingana na mwenzake.

Nami nilichagua hivyo, nikidhani ni lulu halisi, siku niliyomtafutia mke wangu Zita zawadi ya miaka ishirini na mitano ya ndoa. Nikamnyooshea fedha zote za mahindi. Hakuzipokea. Alisugua punje moja kwenye jino lake la mbele, akaifuta, akanipa.

“Usiniamini mimi, baba. Sugua mwenyewe.”

Nikaisugua, ikateleza; kumbe ni kioo, maana lulu halisi hukwaruza jino. Ya baharini na ya mtoni zilikwaruza kama unga wa ulezi, ila bei zake sikuzimudu. Nikachukua kioo kwa bei ya kioo. Zita aliponiuliza kama ni lulu kweli, nilimwambia ni kioo, tena nikimtazama machoni. Kila akizivaa kwenda misa, huwa namwombea yule mama kimoyomoyo.