Kopo la Mama Lisilojaa

Mama yangu aliuza maharage katika soko la Mapendo kwa miaka mingi, na sifa yake ilikuwa kilele. Kopo la kupimia likishajaa, aliendelea kumimina polepole, kiganja karibu na mdomo wa kopo, maharage yakipanda juu mpaka punje ya mwisho iteleze na kuanguka. Sokoni kwetu kilele ni haki ya mnunuzi. Lakini mnunuzi akilitikisa kopo ili vitu vishuke na nafasi ipatikane, huo ni ugomvi, na mama hakuwa na simile: "Kama unapenda kutikisa, enda utikise ku kwako."

Kisha mkono wake wa kushoto, ule wa kushika kopo, ukaanza kutetemeka. Maharage hayana subira. Kilele kilibomoka kabla hakijafika kwenye mfuko, wateja wakanong'ona kwamba mama amekuwa mchoyo. Neno hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Nikamsihi apumzike.

"Nibakie ku nyumba niangaliane na ukuta?"

Akahamia kwenye unga wa muhogo, kwa kuwa unga hushikana na kilele chake hakiporomoki ovyo. Kumbe unga nao una yake. Mkono ulitetemeka, kopo likatetemeka, unga ukazidi kushuka na kujibana chini, na kopo likawa halijai. Yeye aliyewafokea watikisaji sasa aliwashinda wote. Wateja wakajazana. Mimi nilikasirika, maana biashara ilikuwa inakwisha mbele ya macho yangu.

"Mama, unajiibia."

"Najua. Lakini ona vile bateja banakuya kunisalimia."

Nilicheka, nikampenda mno, na bado nikabaki na hasira zangu.

Jumamosi moja alikuja mteja mmoja wa mtaa wa Katoyi, yule yule aliyewahi kufukuzwa kwa kutikisa kopo. Mama akaanza kumpimia. Yule mteja akachuchumaa, akaweka kiganja chake chini ya mkono wa mama, akaushikilia hadi ukatulia. Unga ukapanda upesi, kilele kikasimama.

Mama alikuwa bado anachota. "Ngoja, niongeze."

"Hapana, mama," yule mteja akajibu, bila kuuachia ule mkono. "Kopo yangu imejala."