Asubuhi Bomba la Kioo Lilipopasuka

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alikuja kutoka Banissa kumtunza mpaka arobaini iishe. Ilikuwa miaka ya tisini, nasi tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili Iftin, mjini Garissa. Kwetu Wasomali, mwanamume na mama mkwe wake huoneana haya. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, na ukisikia anapita unangoja kwanza apite. Katika vyumba viwili, hilo si jambo rahisi. Nilimwita eddo, kama mtu anavyomwita shangazi yake, na kila niliposema naye niliangalia vidole vya miguu yangu.

Kila asubuhi aliwasha kuni uani apate maji moto ya kumkanda binti yake. Nilimsikia akikohoa moshi. Mimi nilikuwa fundi wa umeme kwenye mradi wa maji, na niliona aibu mama mkwe apulize kuni nyumbani kwa fundi wa umeme. Siku zile mhandisi mmoja mgeni alikuwa akifunga mizigo yake arudi kwao, akanipa kitu ambacho hakukihitaji tena: hita ya maji isiyo na koili.

Lilikuwa bomba la kioo cha kwatsi, kioo kisichoogopa moto, refu kama mkono wa mtu. Kwa nje lilipakwa utando mwembamba wenye rangi ya masizi. Umeme ulipita kwenye ule utando, utando ukapata joto kali, na maji yaliyopita ndani ya bomba yakatoka yakifuka mvuke. Kati ya maji na umeme palikuwa na kioo tu. Nililifunga ukutani bafuni, juu ya mfereji wa chuma, nikaliunganisha na pipa la maji lililokuwa juu ya paa.

Siku ya kwanza mama mkwe alitia kidole kwenye ndoo akakitoa upesi. “Subhanallah,” alimwambia mke wangu kwa sauti ya kunifikia, “mume wako ameleta moto usio na moshi.” Wiki nzima nilitembea kichwa juu.

Nilichosahau ni maji yenyewe. Pipa tulilijaza maji ya kisima, ya chumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Ukoko ule ule ulikuwa ukiganda ndani ya kioo. Penye ukoko joto halikupata njia ya kuingia kwenye maji, likabaki kwenye kioo.

Asubuhi moja, baada ya sala, nilikuwa nimejifunga macawis tu, ile shuka ya kiunoni, nikitafuta shati. Nikasikia mlio mkali bafuni, kisha mama mkwe akapiga ukelele. Nilikimbia. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake ya plastiki, mtandio umemponyoka kichwani. Bomba lilikuwa limepasuka, maji yakimwagika kuelekea chumba alicholala mke wangu na mtoto. Nikaona maji tu. Mimi, fundi, miguu yangu mitupu ikiwa ndani ya maji, badala ya kuzima swichi niliushika ule mfereji wa chuma niufunge.

Umeme ulinikamata. Mkono ulijifunga wenyewe, sikuweza kuuachia wala kupiga kelele. Nakumbuka meno yangu yakigongana. Mama mkwe alitupa ndoo, akanyakua mchi wa kinu uliokuwa umeegemea ukuta na kunipiga nao mkononi, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka vidole vikaachia. Nikaanguka chali. Shuka ilibaki imenasa kwenye kitasa cha mlango.

Majirani waliingia kwa ule ukelele. Wanawake watatu wa mtaa walinikuta uchi wa mnyama sakafuni, na mama mkwe, nywele wazi, amepiga magoti akinipiga makofi mashavuni: “Sema shahada! Fungua macho!” Niliyafungua. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa uso wake, ambao tangu nioe sikuwahi kuutazama. Nikayafumba tena, na nilitamani nisiyafumbue.

Baada ya hapo nilitoka nyumbani kabla hawajaamka na kurudi wamelala. Chai nilikunywa kibandani, mkono umefungwa bendeji, nikihisi kila anayecheka ananicheka mimi. Hita niliing'oa na kuitupa, na kuni zikarudi uani.

“Umeihama nyumba yako?” mke wangu aliniuliza.

“Nitakaa vipi na mama yako baada ya yale?”

“Na yeye anauliza hivyo hivyo. Anasema amemvua nguo mume wa binti yake mbele ya watu. Anataka kurudi Banissa kabla ya arobaini.”

Sikuwa nimefikiria kwamba na yeye alikuwa na aibu yake. Jioni ile nilirudi mapema, nikakaa upande wangu wa pazia lililogawa vyumba. Nilimsikia upande wa pili akimbembeleza mtoto.

“Eddo,” nilisema, nikitazama mkeka, “usiondoke.”

“Ulikuwa unakufa,” alisema. “Ningeanza kutafuta mtandio?”

“Hapana, eddo.”

“Basi kula nyumbani kwako.”

Pazia likasogea kidogo, mikono yake miwili ikapita chini yake, ikanisukumia mtoto na sahani ya wali. Alikaa mpaka arobaini ikaisha. Nilikula nyumbani kila siku, masikio yakinichoma, na kila alipopita niligeukia ukuta.